Fundi, Rudisha Funguo za Mama wa Samaki

Nitasema kitu, na najua kuna wasee wa hapa Sagana watanikasirikia. Ukimjengea mtu mfumo wa kupokea malipo kwenye tovuti yake, akakulipa, halafu funguo za ule mfumo zikabaki kwa emaili yako, hujamaliza kazi. Umemjengea mtu nyumba, ukaondoka na ufunguo wa mlango wa mbele, na mwenyewe umemwachia dirisha.

Na usiniambie hayo ni mambo ya Nairobi. Sagana ni mji wa barabarani. Magari ya Karatina, Nyeri na Nanyuki yanapita hapa mchana na usiku, watu wanasimama kula samaki, na wikendi wengine wanashuka mtoni kupanda raft na kupiga mayowe. Wote wanalipa kwa simu. Lakini siku hizi kibandiko cha Till ukutani hakitoshi. Mwenye samaki anataka mteja aagize akiwa bado Thika, kambi ya mtoni inataka diposit kabla ya Jumamosi, na muuza mchele wa Kagio anataka kuuzia watu wa Nairobi ambao hajawahi kuwaona. Sasa nani anaitwa? Ni sisi. Watoto waliosomea DeKUT, Karatina na Kirinyaga University, tuko na lapi moja na bando za usiku, tunachaji elfu kumi na tano na chakula cha mchana.

Hiyo kazi naipenda, na nadhani ni moja ya kazi safi ambazo kijana wa mji mdogo anaweza kufanya bila kuhamia Roysambu. Ndio maana vile tunaifanya kunaniuma.

Kwanza tuelewane kuhusu tokeni, kwa sababu nusu ya matatizo yanatoka hapo. Ukisema tokeni kwa mtu wa kawaida, anafikiria zile namba 20 za stima unazobonyeza kwa mita. Si mfano mbaya, lakini una shimo moja kubwa. Tokeni ya stima imefungwa kwa mita yako. Mimi nikiipiga picha nikaenda nayo kwangu, mita yangu itaikataa. Tokeni ya API haiko hivyo. Kwenye ombi unaloituma nayo unaandika neno Bearer, maana yake mbebaji. Yeyote aliyeibeba ndiye anayeaminiwa. Seva haikuulizi wewe ni nani, unatoka wapi, au uliipata vipi. Inaangalia tu kama tokeni ni ya kweli na kama muda wake haujaisha. Ni kama ule muhuri wanaokupiga mkononi kwa mlango wa tamasha, tofauti ni kwamba huu muhuri unaweza kunakiliwa na kubandikwa kwa mkono mwingine.

Sasa chukua Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu zetu na M-Pesa. Ulifunguliwa 2017, miaka kumi hivi baada ya M-Pesa yenyewe kuzinduliwa Machi 2007. Jina walilichagua vizuri, na sisi tunaoishi kando ya mto tunajua daraja likifungwa mji unakuwa vipi. Unafungua akaunti kwa tovuti yao ya watengenezaji programu, unaunda programu yako pale, unapewa vitu viwili: Consumer Key na Consumer Secret. Mimi huviita jina na siri. Hivyo viwili havitumwi kila mara mteja anapolipa. Kazi yake ni moja tu, kuomba tokeni.

Unachukua jina, unaweka nukta mbili, unaweka siri, unapitisha kwa base64, unatuma kwa anwani ya kuomba tokeni. Majibu ni mafupi sana, vitu viwili tu: access_token, msururu wa herufi, na expires_in, ambayo ni 3599. Hizo ni sekunde. Saa moja kasoro sekunde moja. Kuanzia hapo, kila ombi lingine, liwe la kumtumia mteja kisanduku cha PIN au la kuuliza kama alilipa, linabeba hiyo tokeni kichwani: Authorization, halafu Bearer, halafu tokeni yenyewe.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Si wangekubali tu jina na siri kila mara? Fikiria maombi 500 kwa siku yakibeba siri yako ya kudumu, yakipita kwa seva, kwa kumbukumbu za makosa, kwa skrini ya msee anayekusaidia kutafuta hitilafu. Mahali pamoja tu pakivuja, umekwisha. Tokeni ikivuja, mwizi ana chini ya saa moja. Siri ikivuja, ana mpaka siku utakayogundua. Na wengi wetu hatugundui.

Hapo kwa base64 nataka nikae kidogo kwa sababu kuna uongo unaozunguka. Kuna msee atakuambia kwa uso mkavu kwamba funguo zake ziko salama kwa sababu “zimefichwa kwa base64”. Buda, base64 haifichi kitu. Ni njia ya kuandika herufi kwa herufi nyingine ili zisafiri bila kuharibika. Chukua hii: c2FnYW5hOnNhbWFraQ==. Inatisha, sivyo? Nenda uigeuze na kifaa chochote cha bure kwa simu yako. Inasema sagana:samaki. Hauhitaji nenosiri, hauhitaji ujuzi, hauhitaji hata akaunti. Kuita hiyo ulinzi ni kama kuandika PIN yako kwa Kikuyu ukidhani Mluhya hatapata mtu wa kumsomea.

Kosa lingine ninaloliona sana ni tokeni ya kubandika. Msee anaomba tokeni kwa mkono, anainakili, anaibandika katikati ya msimbo, anajaribu, inakubali. Anamwita mteja: “Mama, kuja uone, imeingia!” Mama anafurahi, analipa, fundi anapanda matatu. Baada ya saa moja mfumo unarudisha kosa 404.001.03, tokeni si halali, na mama anadhani Safaricom wako chini. Dawa yake si ngumu: mfumo uombe tokeni wenyewe, uihifadhi kwenye seva, uitumie mpaka ikaribie kuisha, kisha uombe nyingine. Usiombe mpya kwa kila mteja, huo ni usumbufu bure. Na usiombe ukiwa ndani ya kivinjari cha mteja, kwa sababu chochote kilicho ndani ya kivinjari, mwenye kivinjari anakisoma. Nimefungua kurasa za biashara za huku kwetu, nikabonyeza kuangalia msimbo wa ukurasa, na siri imekaa hapo kama nguo kwa kamba.

Sasa swali ambalo kila mtu huuliza: mtu akipata hizo funguo ataiba pesa? Tusidanganyane wala tusitishane. Jina na siri pekee hazitoi pesa kwa M-Pesa ya mama. Ukitaka kutuma kile kisanduku kinachomuuliza mteja PIN, unahitaji pia Passkey, neno refu linaloenda na namba ya biashara. Unaunganisha namba ya biashara, Passkey na muda wa sasa, unapitisha kwa base64, hiyo ndiyo inaitwa Password ya ombi. Na hata hapo, PIN ya mteja inaingizwa kwa simu yake. Tovuti haiioni kamwe. Pesa ikitoka inaingia kwa namba ya biashara ile ile. Kutoa pesa kwenda nje, kama kulipa wafanyakazi kwa wingi, kunataka jina la mtu aliyeidhinishwa na nenosiri lake lililofungwa kwa cheti. Kwa hivyo kuna milango kadhaa.

Lakini angalia fundi wetu anavyofanya kazi. Jina, siri na Passkey vyote viko kwa faili moja. Kama biashara inalipa watu, jina la mwidhinishaji na nenosiri lake viko hapo hapo chini. Milango minne, funguo zote kwa kamba moja, kamba iko shingoni mwa mtu mmoja. Akishika hizo, mtu anaweza kumtumia yeyote Kenya kisanduku cha malipo chenye jina la biashara yako. Hebu fikiria watu 300 wa Murang'a wakipata usiku wa manane “Lipa 950 kwa” halafu jina la mama. Wachache watabonyeza kwa usingizi. Asubuhi wote watakuwa wanamwita mama mwizi, na yeye hata hajui kisanduku ni nini.

Na kuna mlango ambao hauhitaji ufunguo hata mmoja. Mteja akishalipa, Safaricom wanatuma majibu kwa anwani uliyowapa: ResultCode 0 kama imefaulu, 1032 kama mtu amekataa, na kadhalika. Hiyo anwani ni ukurasa tu wa intaneti. Mtu akiijua, anaweza kuitumia majibu ya uongo yaliyoandikwa vizuri kabisa, namba ya muamala ya kubuni, kiasi, 0. Mfumo wa fundi mvivu unaamini, unaandika “imelipwa”, na kilo nne za tilapia zinapanda boda. Ndio maana baada ya kupata majibu, unafaa kurudi Daraja na tokeni yako kuuliza: huyu kweli amelipa? Kuna ombi maalum la kuuliza hivyo. Ni mistari michache ya msimbo. Naona watu wakiiruka kwa sababu video waliyotazama iliishia pale kisanduku kilipotokea kwa simu na muziki ukaanza.

Hizo video nazo. Mimi ni mtengeneza maudhui, kwa hivyo najua raha ya kurekodi skrini ikifanya kazi kwa mara ya kwanza. Kwa majaribio hakuna shida: namba 174379 na Passkey yake ya majaribio ni za kila mtu, ziko wazi kwa sababu ni za majaribio tu. Shida ni tabia. Mtazamaji anajifunza kwamba funguo zinaandikwa ndani ya msimbo, kisha siku ya kwenda hewani anabadilisha tu namba, anaacha tabia. Halafu anapandisha kazi yote GitHub ili waajiri waone. Umeweka siri ya biashara ya mtu kwa ukuta wa dunia, na kuna roboti ambazo kazi yake ni kupita kwa ukuta huo zikitafuta. Ukifuta faili kesho, bado iko kwa historia. Kitu cha maana ni kuziua zile funguo na kutengeneza mpya, kisha kuweka mpya nje ya msimbo, kwenye faili ya mazingira ya seva ambayo haipandishwi.

Hata wakubwa wameanguka hapo. Mwaka 2016 watu waliingia kwenye hifadhi ya faragha ya GitHub ya wahandisi wa Uber, wakakuta humo funguo za seva za kuhifadhia data, wakaondoka na taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva. Kampuni iliwalipa dola 100,000 wanyamaze, na dunia ikajua Novemba 2017. Hiyo ilikuwa hifadhi ya faragha, si ya wazi. GitHub wenyewe tangu 13 Agosti 2021 walikataa nenosiri la kawaida kwa kazi za Git, wakadai tokeni au funguo. Wenye nyumba wameshabadilisha kufuli. Sisi bado tunaficha ufunguo chini ya zulia na tunachapisha picha ya zulia.

Lakini hayo yote ni ufundi, na ufundi mtu hujifunza. Kilichonifanya niandike ni kingine.

Kuna biashara moja upande wa stesheni, sitaitaja. Mama anauza samaki wa kukaanga na wabichi, na kuna watu walimjengea tovuti mwaka juzi. Ijumaa moja ananipigia, nikamkuta amekaa na kitabu cha mistari na simu mbili. Wateja wanalipa, meseji za M-Pesa zinaingia kwake, lakini tovuti inaandika kila oda “haijalipwa”. Wateja wanamtumia picha za meseji kwa hasira. Yeye anasoma jina moja moja kwenye meseji, anatafuta kwenye oda, anaweka alama kwa kalamu. Kijana aliyejenga amepata kazi Qatar. Simu haipatikani, WhatsApp tiki moja.

Niliangalia kwa saa moja hivi. Anwani ya kupokea majibu ilielekea kwa seva ya yule kijana, aliyokuwa akilipia mwenyewe kila mwezi. Ameenda, hakulipa, seva imezimwa. Safaricom wanatuma majibu kwa nyumba iliyobomolewa. Nikasema basi tuingie kwa akaunti ya Daraja tutengeneze upya. Akaunti imefunguliwa kwa emaili ya nani? Yake yule kijana. Namba ya kuthibitisha? Yake.

“Kijana, si nililipa?” mama akaniuliza.

“Ulilipa, mama.”

“Sasa vitu vyangu viko wapi?”

Nilikosa jibu la heshima. Ukweli ni kwamba Till ilikuwa yake, pesa ilikuwa yake, samaki walikuwa wake, lakini kile kitu katikati kilichowaunganisha kilikuwa cha mtu mwingine, na hakuna aliyemwambia. Tulifungua akaunti mpya kwa emaili ya biashara, tukaipeleka hewani upya kwa jina lake, na seva sasa inalipwa kwa M-Pesa yake. Ilichukua karibu wiki mbili. Wiki mbili za kitabu cha mistari.

Sijasema yule kijana ni mwizi. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alifanya kile ambacho sote tunaona kikifanywa: ukianza kazi unatumia emaili yako kwa sababu mama hana, au anayo lakini alifunguliwa na mtoto na nenosiri lilipotea na simu ya zamani. Inaokoa nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo baadaye inakula wiki mbili za mtu mwingine.

Wako wengine ambao nia yao naijua, kwa sababu wameniambia wakicheka. Wanashika funguo makusudi. Hoja yao inaenda hivi: wateja wa huku hawalipi salio. Unamaliza kazi, unapewa nusu, hiyo nusu nyingine ni “kesho kijana wangu” mpaka mahindi yavunwe. Funguo ndizo rehani yangu. Asiponilipa nazima.

Nakubali sehemu ya kwanza kabisa. Hapa watu watalipa fundi wa mabomba siku hiyo hiyo kwa sababu maji yanaonekana, lakini kazi ya programu wanaiona kama kubonyeza bonyeza. Nimedai pesa mpaka nikachoka. Lakini hiyo rehani ina kasoro moja mbaya: unayemshika si mdeni wako peke yake. Ukizima mfumo wa kambi ya mtoni Jumamosi asubuhi, anayesimama kwa lango na meseji ya M-Pesa mkononi na watoto wawili ni mteja aliyelipa, ambaye hakukopa kwako hata shilingi. Na dereva wa boda anayesubiri mzigo. Ukitaka kujilinda, jilinde kabla. Chukua nusu mbele. Onyesha kazi ikikimbia kwa namba ya majaribio kwenye seva yako, hapo ni kwako, zima vile unataka. Siku ya kwenda hewani na namba ya kweli, salio liingie kwanza, ndipo mnakaa pamoja mnafungua kwa emaili yake. Mteja akikataa masharti hayo, umeokoa miezi mitatu ya kumfuata.

Kisha kuna sheria, na hapa wasee hujifanya hawasikii. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inasema kuingia kwa mfumo bila ruhusa ni kosa, faini hadi milioni 5 au kifungo hadi miaka 3, au vyote. Sheria hiyo hiyo inataja pia kutoa nenosiri au namba za kuingilia bila idhini. Mkataba ukiisha, ruhusa yako inatoka wapi? Eti ulijenga wewe? Fundi wa kufuli aliyekuwekea kufuli akirudi usiku na ufunguo wa akiba, polisi hawatauliza nani aliiweka. Na ongeza Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: jina, namba ya simu na kiasi alicholipa mtu ni taarifa zake binafsi. Orodha ya wateja wa mama iliyokaa kwa lapi yako Doha haiko hapo kwa baraka za mtu yeyote.

Najua kuna atakayesema mama haelewi tokeni, kumpa funguo ni kumpa mtoto wembe. Huo ndio uvivu unaovaa koti la huruma. Mama huyo anaendesha Till, ana wakala wa pili, anajua ni nani kwa wafanyakazi anaweza kuona salio na ni nani hawezi. Hahitaji kujua expires_in ni nini. Anahitaji kujua mambo matatu hivi: akaunti ni ya emaili gani na nenosiri liko wapi, seva inalipwa na nani na lini, na akitaka kumfukuza fundi, ni wapi anabonyeza ili funguo za zamani zife. Mimi huandika hayo kwa karatasi moja, kwa Kiswahili, naingiza kwa bahasha, anaweka pale anapoweka cheti cha biashara. Mara ya kwanza mteja mmoja alinicheka. Ati kijana wa kompyuta analeta bahasha. Miezi michache baadaye simu yake iliibwa hapo Makutano, na ile bahasha ndiyo iliyomrudisha kwa akaunti yake mchana huo huo, bila mimi.

Bila mimi. Najua hapo ndipo panawauma wengi. Tunapenda kuhitajika. Simu ya “kijana, imekataa tena” inakufanya ujisikie daktari, na kuna elfu moja ya kuja kuangalia. Ukikabidhi vizuri, hizo simu zinapungua. Kwangu zimepungua kweli, na kwa miezi michache mfuko ulihisi. Kisha wale wale wateja wakaanza kunileta kwa wenzao, mmoja Karatina, mwingine Kerugoya, kwa sababu walikuwa na kitu cha kuonyesha ambacho kilikuwa chao.

Swali ambalo bado nabishana na rafiki zangu ni hili: baada ya kukabidhi, fundi abaki na akaunti yake ndogo ndani ya mfumo, ya kusaidia ikiharibika? Wao wanasema ndiyo, ni adabu ya kazi. Mimi nasema hapana. Aingizwe siku ya kazi, atolewe jioni, na funguo zibadilishwe kama alizigusa. Kama una sababu ya kunishinda, iandike hapo chini, lakini iwe sababu ambayo uko tayari kumsomea mama wa samaki kwa sauti, akiwa amekaa mbele yako na kile kitabu chake cha mistari.